Kiti cha Pembeni

Boksi la home theater liliingia nyumbani kwetu Korogwe mwaka 2014, likiwa limefungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda. Baba alikuwa amestaafu miezi michache kabla, kutoka shamba la mkonge, na sehemu ya kiinua mgongo chake ilikuwa ndani ya boksi hilo: deki moja, spika tano ndogo na sabufa nzito. Fundi aliyekuja kuifunga alimaliza kazi kwa dakika ishirini. Spika zote tano alizipanga juu ya kabati la runinga, mbili huku, mbili kule, moja katikati, zikasimama kama wanakwaya siku ya Pasaka. Waya mrefu wa spika za nyuma aliukunja na kuuficha. Mama akafuma vitambaa vitano vyeupe, kila spika na chake. Sabufa ikapelekwa kona ya chumba na kubebeshwa chungu cha maua ya plastiki.

Majirani walikuja kuiona. Baba akaongeza sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, nami, niliyekuwa kidato cha pili, niliona fahari. Nilidhani anaringa. Nilidhani pia kwamba mtu aliyefanya kazi ya korona kwa zaidi ya miaka ishirini ana haki ya kuringa kidogo.

Desemba 2024 nilirudi likizo kutoka Dar es Salaam, ninakosoma shahada ya uzamili katika historia. Tasnifu yangu inahusu magari ya sinema yaliyozunguka Tanganyika kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Nimesoma kurasa nyingi za watu wakibishana juu ya picha: ionyeshe nini, nani aigize, nani aruhusiwe kuiona. Kuhusu sauti, na hasa mahali pa kuiweka, nilikutana na mistari michache tu. Hilo lilinisumbua, nikaanza kusoma nje ya mada yangu, kama wafanyavyo wanafunzi wanaoikimbia sura ya tatu. Nilipofika nyumbani nilikuwa na futi kamba ndani ya begi.

Kanuni yenyewe si ngumu. Chora duara sakafuni, msikilizaji akae katikati. Spika ya kati ikae mbele yake, pamoja na runinga. Spika mbili za mbele zikae kushoto na kulia, nyuzi 30 kila upande kutoka ile ya kati. Spika mbili za nyuma zikae ubavuni, nyuma kidogo ya masikio, kati ya nyuzi 100 na 120. Zote ziwe umbali sawa kutoka kwa msikilizaji, na zile za mbele ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Huo ndio mwongozo uliotolewa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, miaka ya mwanzo ya 1990, na ndio uliomo katika vitabu vya maelekezo ambavyo mafundi wetu huvitupa pamoja na boksi.

Nikavua vitambaa, mama akaguna. Nikachora duara kwa chaki. Sebule yetu ni mita 4 kwa 5, na duara lilienea vizuri, isipokuwa jambo moja: kiti cha baba kilikuwa nje yake. Kiti hicho kipo ukutani upande wa kushoto, karibu na mlango, na kimekuwa hapo tangu nipate akili.

"Baba, tusogeze kiti chako hapa katikati."

"Hapa pananitosha."

"Ila hapo hutasikia vizuri."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza bei ya chakula alichoandaliwa. "Hapa nasikia," akasema, akageukia runinga.

Nikabaki na chaki mkononi, nikijiuliza swali la kihistoria: aliyechora duara hili ni nani, na alimfikiria nani akae katikati yake?

*

Wazo kwamba sauti ya kifaa inaweza kuwa na mahali lilizaliwa kabla ya spika zenyewe. Mwaka 1881, katika Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme jijini Paris, mhandisi Clément Ader alipanga vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la nyumba ya opera, akavuta nyaya hadi kwenye ukumbi wa maonyesho. Wageni walipewa vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio, na kila kimoja kilitoka kwenye kinasa chake. Waliosikiliza walistaajabu: mwimbaji alipovuka jukwaa, walimsikia akivuka. Ader hakuwa na nadharia nzito. Alikuwa na nyaya mbili badala ya moja.

Nadharia ilikuja baadaye. Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza jinsi tunavyojua sauti inakotoka. Kichwa cha binadamu kinatenganisha masikio kwa sentimita kama 18 hivi. Sauti ikitoka kulia, hulifikia sikio la kulia mapema kidogo, tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Isitoshe, kichwa chenyewe huwa ukuta: sauti nyembamba hupungua nguvu kabla ya kulifikia sikio la pili. Ubongo hupima tofauti hizo mbili, ya wakati na ya nguvu, nasi tunageuka kumtazama aliyeita. Hesabu yote hiyo inahitaji masikio mawili, na Rayleigh hakuwa na haja ya kulisema hilo kwa msisitizo.

Anayefuata katika hadithi hii ni Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni iliyokuwa imeungana na nyingine mwaka 1931 kuwa EMI ya Uingereza. Inasimuliwa na walioandika maisha yake kwamba mwaka huo alikwenda sinema na Doreen, mwanamke aliyekuja kuwa mkewe. Filamu zenye sauti zilikuwa bado ngeni, na sauti yote ilitoka mahali pamoja nyuma ya pazia. Mwigizaji akiwa pembeni kabisa mwa picha, neno lake lilitoka katikati. Watazamaji wengi walizoea. Blumlein alikereka, akamwambia Doreen kwamba ana njia ya kuifanya sauti imfuate mtu.

Desemba 14, 1931 aliwasilisha ombi la hataza, na mwaka 1933 likakubaliwa kwa namba 394,325. Ndani yake kuna madai 70: jinsi ya kunasa sauti kwa maikrofoni mbili, jinsi ya kuchonga njia mbili ndani ya mfereji mmoja wa santuri, jinsi ya kuirudisha kwa spika mbili. Karibu yote tunayoyaita stirio yamo. Mwaka 1935 yeye na wenzake walitengeneza filamu fupi za majaribio. Katika mojawapo, wahandisi wanatembea jukwaani huku wakizungumza, basi, hakuna kisa. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu yoyote yenye kisa. Wanaume waliovaa suti wanakwenda kushoto, wanakwenda kulia, na sauti zao zinakwenda nao.

Kampuni ikaliweka jambo hilo kando, kwa kuwa kulikuwa na televisheni ya kutengeneza, kisha vita. Juni 7, 1942 ndege aina ya Halifax iliyokuwa ikijaribu mtambo wa siri wa rada ilianguka katika mpaka wa Uingereza na Wales, ikaua watu wote 11 waliokuwamo. Blumlein alikuwa mmoja wao, na umri wake ulikuwa miaka 38. Kwa sababu ya usiri wa kazi ile, kifo chake hakikutangazwa kwa upana. Santuri za stirio zilipoenea madukani kuanzia mwaka 1958, wanunuzi wengi hawakuwahi kulisikia jina lake.

Spika mbili za Blumlein zina sharti. Ukikaa katikati, sauti iliyo sawa katika spika zote mbili husikika kama inatoka hewani, kati yake, pale pasipo na kitu. Sogea upande mmoja, na sauti hiyo inahama nawe: spika ya karibu inakufikia kwanza na kwa nguvu zaidi, na ya mbali inakuwa kama haipo. Kwa hiyo muujiza ule una kiti kimoja. Aliyekaa pembeni anasikia spika moja, kama alivyosikia kabla ya mwaka 1931.

*

Kwa watu wa pembeni kulikuwa na mtu mwingine, ng'ambo ya Atlantiki. Harvey Fletcher aliongoza utafiti wa sauti katika maabara za Bell, Marekani. Jioni ya Aprili 27, 1933, okestra ya Philadelphia ilipiga muziki katika ukumbi wake wa kawaida, lakini wasikilizaji walikuwa Washington, kilomita 200 hivi kutoka pale, wakitazama jukwaa lisilo na wanamuziki. Muziki ulisafiri kwa nyaya za simu. Kiongozi maarufu wa okestra hiyo, Leopold Stokowski, hakuwa na wanamuziki wake usiku huo: alikaa Washington akishika vidhibiti vya sauti, huku msaidizi wake akiongoza kule Philadelphia.

Njia za sauti zilikuwa tatu: kushoto, kati na kulia. Watafiti wa Bell walianza na wazo la pazia zima la maikrofoni mbele ya okestra, na pazia kama hilo la spika mbele ya wasikilizaji, mamia kwa mamia. Kwa kuwa hilo haliwezekani, walijiuliza ni chache kiasi gani zinatosha. Wakaona kwamba kwa ukumbi uliojaa watu, mbili ni pungufu. Ile ya kati ndiyo inayomshikilia mwimbaji katikati ya jukwaa kwa mtu aliyekaa kiti cha mwisho karibu na ukuta.

Nilisoma hilo mara mbili, kisha nikaitazama upya ile spika ndogo iliyo chini ya runinga, ambayo katika nyumba nyingi huonekana kama nyongeza. Kumbe aliyekaa katikati ya duara anaweza kuishi bila hiyo. Iliwekwa kwa ajili ya wengine.

Majuma sita baada ya muziki wa Washington, Juni 6, 1933, ng'ambo tu ya mto kutoka Philadelphia, karibu na mji wa Camden, Richard Hollingshead alifungua sinema ambayo watu waliitazama wakiwa ndani ya magari yao. Spika kubwa zilisimama karibu na pazia. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, haraka kwa chumba, polepole kwa uwanja. Gari lililokuwa mita 100 nyuma lilisikia neno karibu theluthi moja ya sekunde baada ya mdomo kulitamka, na majirani wasiokata tiketi walisikia kila kitu. Dawa ilipatikana miaka ya 1940: spika ndogo kwa kila gari, iliyotundikwa dirishani, yenye kitufe chake cha kuongeza na kupunguza. Ndivyo ilivyokuwa baadaye katika Drive-In ya Dar es Salaam pia. Sauti iliacha kufuata picha, ikamfuata mtu pale alipokaa.

*

Mwaka uleule wa 1935, wakati wahandisi wa Blumlein wakitembea na kuzungumza mbele ya kamera, kazi nyingine ya filamu na sauti ilikuwa ikianza Vugiri, katika milima ya Usambara, wilaya hiihii ya Korogwe. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Baraza la Kimataifa la Misheni lilikuwa nyuma yake, na fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Mmoja wa viongozi wake, Major L. A. Notcutt, alikuwa amewahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, moja ya mwanzo ikiwa juu ya benki ya akiba ya posta, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Sauti haikuwa kwenye filamu. Ilikuwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha, na sababu yake ilikuwa ya busara: filamu moja ingeweza kupewa maelezo ya Kiswahili hapa, na lugha nyingine kule. Katika filamu hizo watu wanaonekana wakilima, wakilipa, wakipima watoto, na aghalabu sauti inayosikika ni ya msimulizi. Blumlein alikereka kwa sababu sauti ya mtu ilitoka mahali asipokuwapo. Katika maonyesho ya Vugiri swali hilo halikuwa na nafasi, maana aliyeonekana hakuwa anayesema, na aliyesema hakuonekana. Sauti ilikuja kufundisha, na kazi ya waliokaa chini ilikuwa kuipokea.

Siwezi kusema waliokaa pembeni walisikia nini. Waandishi wa mradi walijali kama watu wameelewa filamu, wakaandika kitabu kizima mwaka 1937. Lakini kuelewa na kusikia ni mambo mawili, na la pili hutangulia. Hapo ndipo tasnifu yangu imekwama, na nadhani ndiyo sababu nilirudi nyumbani na futi kamba.

*

Baada ya vita historia inakwenda mbio. Mwaka 1949 kijana Mjerumani, Helmut Haas, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen juu ya mwangwi. Aligundua kwamba sauti moja ikitoka spika mbili, ubongo huamini ile inayofika kwanza. Ya pili inaweza kuchelewa kwa sehemu kati ya 5 na 30 za elfu ya sekunde, hata ikawa na nguvu kuliko ya kwanza, nasi bado tutaapa kwamba sauti yote imetoka kule ilikotangulia. Kila msikiti, kanisa na uwanja wenye spika nyingi zilizopangwa vizuri unatumia ugunduzi huo, awe fundi anajua au hajui.

Majumba ya sinema yaliongeza spika. Filamu ya *Fantasia* ya mwaka 1940 ilikuwa imejaribu mfumo wa spika kuzunguka ukumbi, lakini mitambo yake ilikuwa ghali mno na kumbi chache zilimudu. Miaka ya 1950 pazia pana lilileta njia nne za sauti, miaka ya 1970 Dolby wakazifanya nafuu, na mwaka 1992 *Batman Returns* ikaonyeshwa kwa sauti ya kidijitali ya njia tano na ya sita ya besi. Mpangilio huo ukapunguzwa, ukatiwa ndani ya boksi, ukapanda meli, na mwisho ukapanda bodaboda kwenda Korogwe.

Katika safari hiyo jambo moja lilibadilika. Ukumbi una watu mia, hivyo mpangilio wake ulilazimika kumjali wa pembeni. Duara la nyumbani lina kitovu, na kitovu kina mtu mmoja, mwenye masikio mawili yanayofanya kazi.

*

Jioni ile nilimaliza kupanga. Spika za nyuma nilizitundika kwa misumari. Sabufa niliitafutia mahali kwa njia ya zamani ya mafundi: unaiweka kwenye kiti cha msikilizaji, unapiga muziki wenye besi, kisha unatambaa chumbani ukisikiliza wapi besi inasikika safi, na hapo ndipo unaipeleka. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kubwa kuliko sebule yetu, kwa hiyo hugonga kuta na kujirudia, likijaa mahali pamoja na kupotea pengine. Konani hujaa kupita kiasi. Mdogo wangu alinirekodi nikitambaa, na video hiyo imezunguka ukoo mzima.

Tukaweka filamu. Helikopta ikapita juu ya vichwa vyetu kutoka nyuma kwenda mbele, dada akapiga kelele, mama akasema, "Jamani!" Baba akatabasamu. Kulipotokea kichekesho tulicheka wote, yeye akiwa wa mwisho, na nikaona kwamba kabla ya kucheka alitutazama nyuso.

Nikakumbuka mambo madogo. Mwaka juzi nilimwambia kwa simu basi langu litafika saa tisa, nikamkuta stendi amekuwapo tangu saa sita. Nilidhani ni upendo, nikawasimulia wenzangu chuoni. Sita na tisa zina irabu zilezile. Kinachozitofautisha ni mpangilio wa *s* na *t*.

Usiku nilimuuliza mama jikoni. Akaendelea kuchambua mchele kwa muda kabla ya kujibu.

"Baba yako alinunua ile redio ili asikie taarifa ya habari," akasema. "Aliambiwa ina nguvu. Ulifikiri ni ya nini?"

Korona ni mashine inayochakata majani ya mkonge. Neno lenyewe limetokana na jina la mtambo wa Kijerumani, na limebaki midomoni mwa watu wa Tanga kuliita jengo zima. Majani yanaingia upande mmoja, magurudumu yenye visu yanayapondaponda, maji yanaosha, singa nyeupe zinatoka upande wa pili. Miaka ya 1960 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, nyingi kuliko nchi yoyote, na tunafundishwa takwimu hiyo shuleni. Hatufundishwi kelele yake. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa kelele kwenye desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Baba anasema ndani ya korona walizungumza kwa mikono.

Kelele ya namna hiyo haizimi usikivu wote kwa pamoja. Huanza kuua vinywele vidogo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti nyembamba, na katika maneno sauti nyembamba ni zile za *s*, *f*, *sh*, *ch* na *t*. Irabu zinabaki. Mtu anasikia kwamba anasemeshwa, ila hasikii anaambiwa nini. Ukiongeza sauti ya sabufa unamwongezea asichokikosa, na besi ile inafunika hata kidogo alichobakiwa nacho. Kwa miaka kumi baba alikuwa akiongeza sauti na kupungukiwa na maneno.

Januari tulimpeleka hospitali akapimwa. Mstari wa sikio la kushoto ulishuka kama mteremko wa Vugiri. Wa kulia ulishuka kidogo na baadaye. Kipimo hicho nacho kina mkono wa Fletcher. Mtu aliyepanga spika tatu kwa ajili ya watu wa pembeni ndiye aliyeandika mwaka 1929 kitabu kikubwa juu ya usemi na usikivu, na katika kundi la watafiti wake vilitengenezwa vifaa vya mwanzo vya umeme vya kupima masikio. Nilikuwa nimemsoma kwa mwaka mzima bila kuunganisha mambo hayo mawili.

Ndipo nikakielewa kiti. Kikiwa ukutani upande wa kushoto, sikio baya la baba linautazama ukuta, na zuri linatutazama sisi. Alikuwa amelipata peke yake, bila chaki, jibu la swali ambalo mimi nililiuliza kwa kumtaka ahame. Duara langu lingempeleka katikati, mahali ambapo nusu ya sauti ingekwenda kwenye sikio lisiloipokea.

Kwa hiyo nililifuta duara. Spika za pembeni nilizirudisha mbele, kwa utulivu wa mama na vitambaa vyake. Spika ya kati niliitoa chini ya runinga, nikavuta ule waya mrefu uliofichwa na fundi tangu 2014, nikaiweka juu ya stuli, mita moja kutoka kiti cha baba, upande wake wa kulia, usawa wa sikio. Deki yetu ina uwezo wa kuchuja sauti iliyo sawa kushoto na kulia na kuipeleka spika ya kati, na katika taarifa ya habari sauti hiyo ndiyo ya msomaji. Nikaipandisha hiyo, nikaishusha sabufa.

Saa mbili usiku habari zikaanza. Baba alikaa kimya mpaka mwisho wa muhtasari. Kisha akasema, bila kugeuka, "Huyu dada ana kithembe kidogo." Tukasikiliza. Ni kweli alikuwa nacho, na hakuna kati yetu aliyewahi kukigundua.

Dada amelalamika. Anasema ukikaa kwenye kochi, mtangazaji yuko kwenye runinga na sauti yake inatoka kwa baba. Ana haki; ni lalamiko lilelile la Blumlein. Kifaa cha sikio kina bei, na baba anasema bado analifikiria, nasi tumeanza kuchanga bila kumwambia. Kwa sasa stuli ipo palepale. Mama ameshaifumia spika kitambaa kipya, chenye tundu mbele.

Nami nimerudi kwenye sura ya tatu. Nimeongeza swali moja katika orodha ninayowauliza wazee waliowahi kuliona gari la sinema. Zamani nilianza na walichokiona. Sasa naanza kwa kuwauliza walikaa wapi.